MAFUTA YA ALIZETI KWA NGOZI NA NYWELE: YAANZIE SHAMBANI

Uwanda wa Ufipa u juu sana. Mji wa Sumbawanga uko karibu meta 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mvua zetu huanza mwezi wa Novemba na kwisha Aprili. Baada ya hapo hewa hukauka, na mwezi wa Juni na Julai baridi huwa kali na upepo hauna maji. Ndipo ngozi hupauka, midomo na visigino hupasuka, na nywele hukatika. Wakati huo huo nyumba nyingi zimekwisha kuuza alizeti yote, nazo hurudi dukani kununua mafuta ya kujipaka.

Yafaa tufikiri juu ya jambo hili. Alizeti yako mwenyewe yaweza kuitunza ngozi ya watu wa nyumba yako, ila lazima uangalifu uanze shambani na kwenye turubai la kukaushia. Mbegu ikiharibika, hakuna chupa itakayoitengeneza.

KWA NINI ALIZETI

Mafuta ya nyonyo ni mazito, nayo hunata. Samli huganda kwa baridi na kuacha harufu. Mafuta ya alizeti ni mepesi: hutandaa upesi, huingia katika ngozi, wala hayafanyi nguo zishike vumbi sana.

Ndani yake mna vitamini E, na asidi iitwayo linoleiki. Ngozi huitumia asidi hiyo kujenga ukuta wake wa juu, ule unaozuia maji ya mwili yasipotee hewani. Tena baridi yetu hutusaidia. Aina za kawaida za alizeti, mbegu zikijaa mahali pa baridi, hutengeneza linoleiki nyingi kuliko zikijaa mahali pa joto. Lakini kila jema lina gharama yake: mafuta yenye linoleiki nyingi huchacha upesi. Kwa hiyo hutaka utunzaji.

SHAMBANI

Chagua alizeti ya mafuta, yenye mbegu nyeusi na ganda jembamba. Mbegu kubwa zenye mistari ni za kutafuna. Mafuta yake ni machache.

Alizeti huchukua yapata miezi 4 kukomaa, kulingana na aina. Hesabu kurudi nyuma: ukipanda mwanzoni mwa Januari, vichwa vitakomaa mvua zikiwa zimekatika. Ukipanda mapema mno, vichwa hukomaa ndani ya mvua, navyo huoza na kuota ukungu. Panda kwa nafasi ya sentimeta 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina.

Onyo: mbegu ya kupanda iliyotiwa dawa, ambayo mara nyingi hupakwa rangi, ni sumu. Ikibaki, isikamuliwe kamwe, wala isilishwe kuku.

KUVUNA NA KUKAUSHA

Vuna nyuma ya kichwa ikigeuka kutoka rangi ya kijani kuwa njano na kuanza kuwa kahawia. Usimwage vichwa juu ya udongo. Tandika turubai au mkeka, anika kwa tabaka nyembamba, na funika jioni, maana umande wa Ufipa ni mwingi. Pura, pepeta, kisha anika mbegu tena mpaka zikauke kabisa.

Ondoa kila mbegu yenye ukungu. Ukungu waweza kuleta sumukuvu, ambayo ni hatari kwa watu wanaokula mafuta na kwa mifugo inayokula mashudu. Tena mbegu ya ukungu hutoa mafuta makali, yanayowasha ngozi na kuchacha kabla ya wakati.

KUKAMUA NA KUCHUJA

Mashine ya kukamulia kwa mkono, iliyobuniwa nchini Tanzania katika miaka ya 1980, yafaa kwa kiasi kidogo cha nyumbani. Ukienda kwenye mashine kubwa ya kijijini, omba mbegu zako zisichanganywe na za watu wengine.

1. Acha mafuta yatulie siku kadhaa katika chombo kilichofunikwa, mpaka mashapo yashuke.
2. Mimina ya juu taratibu, uyachuje kwa kitambaa safi kikavu.
3. Tia katika chupa kavu. Tone la maji huharibu chupa nzima.
4. Jaza mpaka shingoni, ziba sana, na weka mahali pa giza, mbali na moshi wa jiko.

Asubuhi za Julai utaona mafuta yamekuwa na wingu. Usiyamwage. Ganda la alizeti lina nta, nayo huganda kwa baridi. Weka chupa katika maji ya uvuguvugu: yakitakata, ilikuwa ni nta tu, haina madhara. Yakibaki na wingu, yana maji au mashapo. Yachuje tena na uyatumie upesi.

Mafuta yenye harufu kali ya kuchacha yasipakwe, wala yaliyokwisha kukaangiwa.

NAMNA YA KUTUMIA

Kwanza jaribu tone moja ndani ya kiwiko, ungoje siku moja. Ngozi isipowasha, endelea.

Kwa ngozi: oga, jifute kidogo, na upake mafuta mwili ukiwa na unyevu bado. Mafuta hayaleti maji; kazi yake ni kuyazuia yaliyopo yasitoke. Kijiko kimoja cha chai chatosha. Visigino vipakwe usiku, kisha vaa soksi.

Kwa nywele: zioshe, na zikiwa na unyevu weka matone machache kiganjani, sugua mikono, kisha pitisha kwenye nywele, hasa ncha zake. Mwenye mba asiyaache kichwani, kwa kuwa vijidudu vya mba hula mafuta.

MAMBO YA KUANGALIA

Mafuta haya hayakingi jua, na jua la uwanda wa juu huunguza hata siku ya baridi. Ndugu zetu wenye ualbino wasiyategemee hata kidogo. Wao wavae kofia pana na mikono mirefu, na watumie mafuta maalum ya jua kama Kilisun, yanayotengenezwa Moshi.

Usiyapake juu ya kidonda au mahali palipoungua moto. Upele usiopona upelekwe zahanati.

Na watoto wachanga je? Huko Dhaka, Bangladesh, watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti hospitalini walipata maambukizo ya hospitalini pungufu kwa asilimia 41 kuliko wasiopakwa. Habari hizo zilitolewa mwaka 2005. Lakini hayo yalikuwa mafuta safi sana, chini ya macho ya waganga. Mama asianze kumpaka mtoto mchanga mafuta ya nyumbani kabla ya kumwuliza muuguzi.

HESABU YA NYUMBA

Kijiko cha chai ni mililita 5. Tangu Juni hadi Agosti ni siku 92. Nyumba ya watu 6, kila mtu kijiko kimoja kwa siku, hutumia lita 2 na robo tatu hivi. Tuseme lita 3. Kwa mashine ya mkono, kilo 5 za mbegu nzuri hutoa yapata lita 1. Basi kilo 15 zatosha kwa kipupwe chote, na mashudu hubaki kwa kuku na nguruwe.

Kwa hiyo, Ndugu Mkulima, kabla mnunuzi hajafika na mizani yake, pima kilo 15 za mbegu safi, kavu, zisizo na ukungu, uziweke kando. Kamua kidogo kidogo, chupa moja baada ya nyingine, kwani mbegu nzima iliyokauka vizuri huyatunza mafuta kuliko chupa. Ukiwa na shaka juu ya mbegu au ukaushaji, mwulize Bwana Shamba wa kata yako.