MWAROBAINI: TUMWOGESHE MTOTO, TUSIMNYWESHE

Wengi wetu tuna mwarobaini uani. Mtoto akiwashwa na upele, tunachemsha majani yake, maji yanapoa, tunamwogesha. Muwasho unatulia.

Je, upele umekwisha? Bado. Upele unaletwa na wadudu wadogo sana wanaochimba ngozi. Basi tufuate dawa zahanati, tupake nyumba nzima siku moja. Nguo na shuka tuzifue kwa maji ya moto, tuzianike juani.

Tena tuangalie sana! Mafuta ya mbegu za mwarobaini mtoto asinyweshwe, hata kijiko kimoja. Yamekwisha kuua watoto wachanga. Mtoto hutapika, husinzia, kisha degedege. Tukiona hivyo, mbio hospitali. Tusingoje kesho.