KOMPYUTA YA TAWI ISITOKE NA MAJINA YETU



Tawi letu lilipopata kompyuta nyingine, kamati ilikata shauri kwamba ile ya zamani ipewe shule moja ya msingi huko juu Wanale, ambako watoto walikuwa wakifundishwa kompyuta kwa picha za ubaoni. Uamuzi huo ulikuwa mzuri na sijuti. Lililonitia aibu ni namna tulivyoitoa. Mimi mwenyewe, nikiwa katibu, nilikaa jioni moja nikafuta faili zote, nikamwaga na kapu la taka lililo humo ndani, nikaifunga katika gunia, ikapandishwa mlimani kwa bodaboda.

Siku ya tatu mwalimu akanipigia simu. "Ndugu katibu, njoo uone mambo yako." Nilimkuta na mpwa wake, fundi wa simu pale mjini, aliyeitwa kuiangalia mashine kwa sababu ilikuwa nzito. "Mzee, sikuyatafuta," kijana akaniambia. "Nilikuwa napima kama diski ni nzima." Kwa programu ya bure, na kabla chai haijapoa, alikuwa ameyarudisha yote niliyofikiri nimeyafuta. Ilikuwamo barua ya mama mmoja akimshtaki msimamizi wake kwa mambo ambayo hakumwambia hata mumewe. Zilikuwamo karatasi za daktari, namba za NSSF na namba za vitambulisho vya taifa. Na kubwa kuliko yote, ilikuwamo orodha ya wenzetu waliotia sahihi kujiunga na chama kabla mwajiri hajakitambua.

Wengi katika orodha ile ni vibarua wa mkataba wa miezi. Mtu wa namna hiyo hafukuzwi kwa barua. Mkataba ukiisha haitwi tena, na hakuna mahali pa kulalamika. Kama mashine ile ingekwenda sokoni badala ya shuleni, na mtu mwenye akili ya biashara akaipeleka ofisi ya meneja, nani angejua? Usiku ule sikulala.

Sasa tuelezane jinsi jambo hili linavyokuwa. Aliyefanya kazi stoo ya kiwanda cha nguo atafahamu upesi. Karani anaandika katika leja kwamba robota namba fulani liko rafu fulani. Ukipiga mstari katika leja, robota halijatoka. Liko palepale mpaka siku litakapoletwa robota jingine na kuwekwa mahali pake. Kompyuta ni vivyo hivyo: ukifuta faili umepiga mstari katika leja tu. Hata kufomati kwa haraka ni kuleta leja mpya tupu, na stoo bado imejaa. Ili kitu kiondoke kweli, lazima mahali pake paandikwe kitu kingine juu yake.

Tusidhani ni ujinga wetu wa mlimani. Mwaka 2022 benki ya Morgan Stanley ya Marekani ilitozwa dola milioni 35 na serikali. Kazi ya kuondoa mashine zake za zamani ilikuwa imepewa kampuni ya kuhamisha mizigo isiyojua kuharibu habari, na mashine nyingine ziliuzwa zikiwa na habari za wateja ndani yake. Wateja walioguswa na uzembe huo walikuwa kiasi cha milioni 15.

Na asiseme mtu kwamba orodha za wanachama hazina mnunuzi. Uingereza, mwaka 2009, wakaguzi wa serikali waliingia katika ofisi ndogo ya Consulting Association wakakuta kadi za wafanyakazi wa ujenzi zaidi ya 3,200. Kampuni kubwa za ujenzi zilikuwa zikilipa ili kuulizia majina kabla ya kumwajiri mtu, na wengi walikuwa wameandikwa kwa sababu ya kazi ya chama au kwa kudai usalama kazini. Wapo waliokaa miaka bila kazi wasijue kwa nini.

Kwetu Uganda ipo Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu. Inasema habari zisizohitajika tena ziharibiwe kwa namna ambayo haziwezi kuunganishwa zikasomeka. Sheria hiyo inatulinda, lakini pia inatubana, kwa kuwa chama nacho ni mtunza habari. Nina neno moja la kulalamika. Inataja dini, siasa, afya na fedha za mtu kuwa mambo ya kulindwa zaidi. Uanachama wa chama cha wafanyakazi haumo, ingawa sheria ya Ulaya imeutaja. Wabunge wetu wa wafanyakazi wangeliangalia hilo.

Haya, kazi yenyewe. Kwanza kabisa nakili yanayotakiwa: hesabu za ada, mikataba tuliyotia sahihi na waajiri, na kumbukumbu za michango ya NSSF, maana kuna mzee atakuja kudai miaka yake na karatasi hiyo ndiyo shahidi wake. Nakala ifungiwe kabatini, na ifunguliwe kwenye mashine nyingine kuona kama inasomeka. Usifute kabla ya hapo.

Kisha, kwa kompyuta ya Windows, ingia katika mipangilio, chagua kurudisha mashine upya, kuondoa kila kitu, na ile nafasi ya kusafisha diski kabisa. Usichague ya haraka. Kazi hii huchukua saa nyingi, kwa hiyo ianzwe asubuhi siku umeme ulipo. Kwa diski ya zamani inayozunguka, kuandika juu yake mara moja kunatosha. Habari za mara saba ni za kale. Diski mpya zisizozunguka zina tabia nyingine, huhamisha maandishi humo ndani bila kukuambia, na hizo zinataka amri ya kufuta iliyowekwa na watengenezaji wake. Hapo mwite fundi, na mkae naye mpaka amalize.

Simu: toa laini na kadi ya kumbukumbu, ondoa akaunti yako, ndipo uirudishe kama ilivyotoka kiwandani. Mashine kubwa za fotokopi nazo nyingi zina diski, jambo ambalo watu hawalifikirii.

Diski iliyokufa isiyofutika, itolewe itobolewe. Katika karakana zetu drili hazikosekani. Vaeni miwani, kwa kuwa nyingine zina sahani za kioo ndani, na msizichome moto, moshi wake ni sumu.

Ile ya Wanale tuliirudisha ofisini, fundi akaisafisha kutwa nzima mbele yangu na mweka hazina, kisha akaipima kwa programu yake ileile. Haikutoka hata herufi moja. Imerudi shuleni, na tangu mwezi huo kila mashine inayotoka tawini inaandikwa katika kitabu: namba yake, tarehe, nani kaifuta na nani kashuhudia.