Gitaa na Sauti Tatu

Wengi hushika gitaa, na vidole vikiwauma hulitundika ukutani. Wengine huiga tu nyimbo za wenzao, na neno lao wenyewe halisikiki kamwe. Kosa lao ni kutaka mengi mara moja.

Akordi ni sauti zilizopatana, zikilia pamoja. Ya kwanza ni do, mi, sol. Ya pili fa, la, do. Ya tatu sol, si, re. Hesabuni: sauti zote saba za ngazi zimo humo! Ndiyo sababu nyimbo nyingi husindikizwa vema na hizo tatu tu. Tokeni do, nendeni fa, kisha sol. Sol huacha sikio likingoja, do hulituliza.

Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya katika Katanga, alipiga nyuzi kwa kidole gumba na jirani yake. Mwaka 1952 Hugh Tracey alinasa nyimbo zake huko Jadotville, leo Likasi, na sifa yake ikavuka mipaka.

Basi, imbeni kwanza maneno yenu bila gitaa. Yanapopumzika, hapo badilisheni akordi. Gitaa ni mtumishi. Neno ndilo bwana.