Kupumzika Si Kushindwa: Mashauri kwa Mkimbiaji wa Mbio Ndefu Aliyeumia

Ndugu msomaji, sisi wa komini ya Kenya, hapa mjini Lubumbashi, tunachukua jina moja na nchi ile ya mashariki inayosifiwa duniani kote kwa ajili ya wakimbiaji wake. Na kwetu pia wako wanaopenda kukimbia. Wengine hukimbia kidogo kwa afya. Wengine hutamani mbio ndefu kuliko zote, zile zinazoitwa ultramarathoni.

Marathoni ni mbio ya kilomita 42 na mita 195. Mbio yo yote inayopita urefu huo huitwa ultramarathoni. Ukitaka kuelewa, fikiri mtu anayekimbia toka Lubumbashi mpaka Kipushi na kurudi. Hizo ni kama kilomita 60. Katika Afrika Kusini iko mbio iitwayo Comrades, iliyoanza mwaka 1921, kati ya miji ya Durban na Pietermaritzburg. Urefu wake ni karibu kilomita 90.

Mtu anayejitayarisha kwa safari kama hiyo hujifunza neno moja mchana na usiku: usisimame. Neno hilo ni jema siku ya mashindano. Lakini siku ya kuumia laweza kuwa adui yake. Kwa hiyo tunataka kukuonyesha namna mwili unavyoumia, na namna unavyopona. Wewe usiyekimbia, usiufunge ukurasa huu. Anayesukuma baiskeli iliyojaa makala, mama anayebeba mizigo kichwani, fundi anayesimama kutwa, wote wana mifupa na misuli ya namna ile ile.

MAFUNDI WAWILI NDANI YA MFUPA

Watu wengi hufikiri kwamba mfupa ni kitu kikavu kama fimbo. Sivyo. Mfupa una uhai. Muumba wetu ameweka ndani yake mafundi wawili. Fundi wa kwanza huondoa sehemu zilizochakaa. Fundi wa pili hujenga mpya mahali pale pale. Unapokimbia, kila hatua hupiga mfupa kwa uzito unaozidi mara mbili uzito wa mwili wako, na fundi wa kwanza hupata kazi nyingi. Unapopumzika na kula vizuri, fundi wa pili humfikia, na mfupa huwa na nguvu kuliko mwanzo.

Lakini ukikimbia kila siku bila kupumzika, fundi wa kwanza humwacha wa pili nyuma. Ni kama nyumba ya matofali ambayo mtu anabomoa ukuta upesi kuliko mwenzake anavyojenga. Mwishowe ufa mdogo hutokea katika mfupa. Haukuanguka, hakuna aliyekupiga, na mguu hauonyeshi kidonda. Lakini mfupa umepasuka. Kano na misuli nazo huchoka na kuumia kwa njia kama hiyo.

Basi, ona jambo hili: mwili haujengwi wakati wa kukimbia. Hujengwa wakati wa kupumzika.

MAUMIVU YA NAMNA MBILI

Kuna maumivu ya uchovu. Hayo huja siku moja au mbili baada ya kazi kubwa. Huwa katika miguu yote miwili, katika nyama ya mapaja au mashavu ya miguu, nayo hupungua kila siku. Usiogope maumivu hayo. Tembea polepole, kula, lala.

Kuna pia maumivu ya jeraha. Huwa mahali pamoja, nawe waweza kupaonyesha kwa ncha ya kidole: juu ya muundi, katika nyayo, kwenye nyonga. Huzidi unapoendelea kukimbia. Hukufanya uchechemee. Pengine hukuamsha usiku. Maumivu hayo ni kengele. Mtu mwenye akili akisikia kengele ya moto haendi kuikata kamba yake. Huenda kutafuta moto uko wapi.

Ndiyo sababu tunakuonya juu ya vidonge vya kutuliza maumivu. Anayemeza dawa ili apate kukimbia juu ya mguu ulioumia ameikata kamba ya kengele. Tena dawa kama ibuprofeni na diklofenaki, zikinywewa wakati wa mbio ndefu na jua kali, zaweza kuharibu mafigo. Usizinywe kabla ya mbio wala njiani.

SIKU MOJA, WAKIMBIAJI WAWILI

Tukupe mfano wa kweli. Siku ya tarehe 20 Oktoba 1968, katika mji wa Mexico, watu wa mataifa mengi walikimbia marathoni ya Michezo ya Olimpiki. Kati yao walikuwapo Waafrika wawili tunaotaka kuwataja.

Wa kwanza ni Abebe Bikila wa Ethiopia. Mwaka 1960 alishinda huko Roma, akikimbia bila viatu. Mwaka 1964 alishinda tena huko Tokyo, ingawa alikuwa amepasuliwa tumbo kwa ugonjwa wa kidole-tumbo wiki chache tu kabla ya mashindano. Watu wote walimtazamia ashinde mara ya tatu. Lakini alifika Mexico na mguu ulioumia. Baada ya kilomita kama 17 alitoka njiani, akaacha mbio. Mwenzake wa Ethiopia, Mamo Wolde, ndiye aliyeshinda.

Wa pili ni John Stephen Akhwari wa Tanzania. Yeye alianguka njiani, akaumia goti vibaya. Akafungwa bendeji, akaendelea, mara akikimbia, mara akichechemea. Aliingia uwanjani saa moja na zaidi baada ya mshindi, wakati giza limekwisha kuingia na watu wengi wamekwenda zao. Alikuwa wa mwisho kati ya wote waliomaliza. Hata leo watu humtaja kwa heshima.

Labda utauliza, Yupi kati yao alifanya vema? Sisi hatumlaumu hata mmoja. Akhwari alibeba kazi ya taifa lake, siku moja tu, na baada ya siku ile alipata nafasi ya kupona. Mwaka 1970 alikimbia tena marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, akawa wa 5. Lakini Bikila pia hakuwa mwoga. Mtu aliyeshinda Roma na Tokyo hakukosa moyo. Mguu ndio uliokataa. Kama ulivyo ushujaa wa kuendelea, uko na ushujaa wa kusimama mbele ya macho ya watu.

Tena tazama mwisho wa Bikila. Mwaka 1969 aliumia katika ajali ya motokaa, na miguu yake ikapooza. Alitibiwa Uingereza, katika hospitali ya Stoke Mandeville. Mwaka 1970, akiwa ameketi katika kiti cha magurudumu, alishindana huko kwa kutupa mishale. Alikufa mwaka 1973. Miguu iliyomletea sifa ilikwisha kazi yake, lakini yeye hakusema kwamba maisha yake yamekwisha.

SIKU ZA KWANZA BAADA YA KUUMIA

1. Acha kukimbia siku ile ile. Usiseme, Nimalize tu kilomita hizi mbili.

2. Weka kitambaa kilicholowa maji baridi mahali palipovimba, kwa dakika 15 hivi, mara kadhaa kwa siku. Kama una barafu, usiiweke juu ya ngozi tupu. Ifunge katika kitambaa.

3. Funga bendeji, lakini isibane. Vidole vikifa ganzi au kuwa baridi, ilegeze mara moja.

4. Ukilala, inua mguu juu ya mto.

5. Katika siku mbili au tatu za kwanza usikandwe kwa nguvu, usitie maji ya moto, usinywe pombe. Usikubali mtu avute wala azungushe kiungo kilichoumia. Kama mfupa umevunjika, mkono wake utaongeza jeraha.

6. Lengelenge likitokea, lioshe kwa maji safi na sabuni, ulifunike. Usiichune ngozi yake. Kama umechomwa na msumari au mwiba, osha kidonda, uje kuuliza habari za sindano ya pepopunda.

NJOO HOSPITALI BILA KUKAWIA

Usingoje kesho ukiona mambo haya:

Huwezi kupiga hatua nne kwa mguu ulioumia.

Mkojo umekuwa mweusi kama chai kali, na misuli inauma sana au imelegea. Hiyo ni ishara kwamba misuli imeharibika na mafigo yako hatarini.

Shavu moja la mguu limevimba, lina joto na kuuma. Labda damu imeganda ndani. Kama pia pumzi inakatika au kifua kinauma, njoo upesi sana.

Baada ya mbio ndefu mtu anaumwa kichwa, anatapika, anasema maneno yasiyo na maana. Pengine jua limemshinda. Pengine amekunywa maji mengi kupita kiasi, na chumvi ya damu imepungua. Usimlazimishe kunywa zaidi; mlete. Kama mwili wake unawaka kwa joto, mtie kivulini na kumwagia maji baridi kwanza.

Tena, kama maumivu ya mfupa mahali pamoja hayaondoki baada ya wiki moja ya kupumzika, njoo utazamwe. Ufahamu pia kwamba picha ya mfupa katika wiki mbili au tatu za kwanza mara nyingi haionyeshi ufa mdogo. Daktari akikuambia upumzike ingawa picha ni safi, usidhani amekosea.

WAKATI WA KUNGOJA

Ufa mdogo wa mfupa kwa kawaida huhitaji wiki 6 mpaka 8 bila kukimbia. Ufa wa nyonga waweza kutaka muda mrefu zaidi, na magongo juu yake. Kano ya kisigino yaweza kuchukua miezi. Hapo ndipo jaribu kubwa linapoanza, nalo haliko mguuni bali moyoni.

Mkimbiaji aliyezoea kuamka alfajiri hukaa kitandani akisikia wenzake wanapita. Huwaza: Nguvu zangu zinakwisha. Wataniacha. Mimi ni nani nisipokimbia? Wengine hukasirika na watu wa nyumbani. Wengine hawali, kwa kuogopa kunenepa. Ndugu, usiyafiche mambo hayo. Mwambie mke wako au mume wako, mwambie mchungaji, mwambie muuguzi.

Soma habari za nabii Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mlango wa 18 na wa 19. Alikimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Baadaye, jangwani, alichoka kabisa, akaomba afe. Je, Mungu alimkemea? Hapana. Alimpa usingizi. Kisha malaika akamwamsha, akampa mkate na maji. Akalala mara ya pili, akaamshwa, akala tena. Ndipo akapata nguvu ya kwenda siku arobaini mpaka mlima Horebu. Usingizi na chakula vilikuja kwanza. Safari ilikuja baadaye.

Wewe nawe ufanye hivyo. Lala saa za kutosha. Kula bukari, lakini isiwe peke yake: ongeza maharagi, samaki wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa yao, mayai ukipata, sombe na lengalenga. Mwanamke anayekimbia sana na kula kidogo, akiona damu ya mwezi imekatika, ajue kwamba mifupa yake pia inadhoofika, aje kuuliza.

KURUDI NJIANI

Usirudi kwa sababu wiki zimetimia tu. Rudi kama waweza kutembea upesi kwa dakika 30 bila maumivu, na asubuhi yake pia hakuna maumivu.

Kwanza, kimbia dakika 1, tembea dakika 4, mara 6. Kesho yake pumzika. Kama mguu umetulia, wiki inayofuata kimbia dakika 2, tembea dakika 3. Endelea hivyo polepole mpaka uweze kukimbia dakika 30 mfululizo. Tafuta njia ya udongo iliyo sawa, si ya mawe. Usiongeze urefu na mwendo katika wiki moja. Maumivu yakirudi, usikate tamaa. Rudi hatua moja nyuma, ungoje. Na ukiwa na homa, usikimbie kabisa.

Labda utaona aibu kupitwa na watoto wa shule wakati unapotembea. Waache wakupite. Mfupa hausikilizi vicheko vya watu.

Basi, ndugu, mtu wa mbio ndefu anajua jambo hili kuliko sisi sote: safari ya kilomita 90 haishindwi kwa hatua kumi za kwanza. Kupona ni safari ya namna hiyo hiyo. Ukiwa leo kitandani na mguu juu ya mto, usiseme kwamba umetoka katika mashindano. Fundi wa pili yuko kazini. Mwache ajenge.