Mama Amerudi Kazini: Maziwa ya Mtoto Je?

Siku yangu ya pili ya kurudi kazini, wanaume watatu walisimama mbele ya gishe, wamekuja kuuliza juu ya mishahara yao. Nje akapita mama na mtoto mgongoni, mtoto akalia. Hakuwa mtoto wangu. Lakini maziwa yakasikia, yakatoka yenyewe, blauzi ikalowana pande zote mbili. Nilikamata bahasha kubwa nikaiweka kifuani, nikaendelea kujibu. Mmoja wa wale wanaume, mzee wa umri wa baba yangu, akaangalia pembeni na kusema kwa sauti ya chini: "Mama, mutoto yako eko na njala ku nyumba."

Alikuwa na haki.

Mtoto wetu wa tatu alikuwa na majuma nane. Nilimwacha na mama yangu, ambaye watoto wote wa kwetu wanamwita nkambo. Sheria ya Kazi ya inchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inampa mama majuma 14 ya mapumziko ya uzazi, lakini baada ya kuzaa ni majuma 8, si zaidi. Wakati ule analipwa theluthi mbili za mshahara: pahali pa faranga tatu anapata mbili. Nyumba yenye watoto wa masomo haiwezi kuvumilia hivyo siku nyingi. Sasa waganga, na Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) pia, wanasema mtoto anyonye tu, bila maji wala uji, kwa miezi 6 ya kwanza. Hesabu mwenyewe, msomaji. Kati ya miezi 2 na miezi 6 kunabaki shimo la miezi 4, na mama anayetumika anaachiwa alijaze peke yake.

Mimi nililijaza vibaya. Nilinunua kopo la maziwa ya unga na biberoni. Kopo lilikuwa la bei, basi nkambo akapunguza kijiko ili lifike mwisho wa mwezi. Niliona, sikumkataza. Maji yalikuwa ya bomba siku bomba linapotoa, na ya kisima cha jirani siku nyingine. Juma la tatu mtoto akaanza kuhara. Siku ya kupima watoto, mama muganga akatia alama kwenye karatasi yake, na ule mstari ambao ulikuwa unapanda ukashuka. Hakunigombeza. Aliuliza tu:

"Ku kazi, maziwa unayapeleka wapi?"

"Siyapeleke fasi, mama. Navumilia tu mpaka mangaribi."

"Njo vile inakauka."

Akanieleza kwa mfano wa soko, na mfano ule sijausahau. Ziwa si pipa linalojaa na kungoja. Ni kama mama muuza mihogo. Leo watu wakinunua mabeseni mawili, kesho analeta mawili. Wakinunua nusu beseni, kesho analeta nusu. Maziwa yakibaki ndani tangu asubuhi mpaka mangaribi, mwili unafikiri mtoto hayahitaji tena, unapunguza. Wengi tunasema "kazi imenikausha". Kazi haikaushi mtu. Kinachokausha ni kutokutoa.

Mikono miwili inatosha

Kuna mashini za kukamua, za mkono na za umeme. Mwenye nazo azitumie, lakini azisafishe vizuri kila mara. Ile yenye mpira wa kuminya, kama honi ya kinga, muganga alinikataza, kwa sababu maziwa yanaingia ndani ya mpira na hauwezi kuoshwa vizuri. Wengine wote tuna mikono.

Nawa kwa sabuni. Chukua kikombe au chupa ya mdomo mpana iliyochemshwa, yenye kifuniko. Kaa, inama kidogo mbele. Weka kitambaa cha moto kwenye ziwa kama unacho, au lipapase tu polepole kuelekea chuchu. Fikiri mtoto, watu wanacheka wakisikia hilo, lakini ni kweli, maziwa yanasikia moyo, na mama mwenye haraka au hasira anakamua na hakitoki kitu. Halafu weka kidole gumba juu ya chuchu na vidole vingine chini, mbali na chuchu kama upana wa vidole viwili. Sukuma nyuma, kuelekea mbavu. Kisha minya, acha, minya, acha. Usiminye chuchu yenyewe, na usiteleze vidole juu ya ngozi, vitakuumiza. Matone yakipungua, zungusha mkono ushike pande nyingine za ziwa, halafu hamia ziwa la pili, rudi la kwanza. Yote inachukua dakika 20 mpaka 30.

Mara ya kwanza nilipata kitu cha kufunika tu chini ya kikombe. Nilitaka kulia. Siku ya tano nilipata karibu nusu kikombe, na juma lililofuata nikaacha kupima kwa macho.

Sheria inasema nini

Hapa bamama wengi hawajui, na washefu wengi pia, au wanajifanya hawajui. Kifungu cha 132 cha ile Sheria ya Kazi kinasema kwamba mama anayenyonyesha ana haki ya kupumzika mara mbili kwa siku, nusu saa kila mara, ili anyonyeshe, na nusu saa hizo zinalipwa kama saa za kazi. Si zawadi ya shefu. Mwenye nyumba karibu anaweza kukimbia akanyonyesha. Mimi natumika mbali, nikaomba nusu saa zangu nizitumie kukamua.

Shefu wangu alicheka kwanza. Aliuliza kama biro imegeuka matenite. Kisha akasema: "Nikikupatia wewe, bamama bote batakuya." Nilimjibu kwa heshima kwamba bamama wote wa biro yetu ni wanne, na anayenyonyesha ni mimi tu. Kesho yake nikamletea kile kifungu kwenye karatasi. Akakisoma mara mbili. Hakusema neno, ila muchana alinitumia ufunguo wa chumba cha karatasi za zamani. Kiti kilichovunjika, vumbi mpaka dari, na mlango usio na kufuli ndani! Mama anayepangusa biro alinisaidia kusafisha, halafu akawa anakaa mlangoni na ndoo yake kila nilipoingia. Vijana wa biro walitania juma moja, wakachoka.

Nkambo na kikombe

Nilifikiri vita imeisha. Kumbe iliyo kubwa ilikuwa ku nyumba. Nkambo aliangalia chupa, akaona mafuta yamepanda juu na chini maji-maji yenye rangi ya samawati. "Hii imeoza," akasema, na alikuwa karibu kuitupa. Tena alikuwa na neno lake la zamani, kwamba maziwa ya mama aliyetembea kwenye jua yanapata moto, yanaleta tumbo. Sikubishana naye, mtu aliyelea watoto saba habishiwi. Nilimpeleka kwa mama muganga, wakaongea wao wawili. Alipotoka alikuwa mwalimu kunishinda.

Basi haya ndiyo nkambo anayoyafuata sasa. Maziwa ya mama yakikaa nje, pahali penye baridi na kivuli, yanywewe mbele ya saa 4 kupita. Ndani ya frigo yanakaa mpaka siku 4, lakini sisi tunajua umeme wetu: ukikatika na frigo ikapata joto, hesabu kama yako nje. Mimi naweka chupa ndani ya kisanduku cha baridi na barafu nyingi, na hapo yanafika saa 24. Mafuta yakipanda, tikisa polepole, yanachanganyika. Usiyaweke juu ya makala. Tia chupa ndani ya maji ya vuguvugu. Yaliyobaki kwenye kikombe baada ya mtoto kunywa hayawekwi tena.

Biberoni tuliiweka kando. Mtoto, hata mdogo sana, anaweza kunywa kwa kikombe. Mkalishe wima kwenye mapaja, gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, ngoja avute mwenyewe kwa ulimi. Usimwagie. Kikombe kinaoshwa kwa sabuni mpaka ndani. Chuchu ya biberoni inaficha uchafu.

Neno kwa bamama wanaosafisha mawe ya shaba na kobalti: kwenu hakuna shefu wa kuonyeshwa kifungu, najua. Lakini vumbi la mawe linakaa mikononi na kwenye kitenge. Mwaka 2009 watafiti wa chuo kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven, Ubelgiji, waliandika kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi kwenye mkojo, na watoto kuliko wakubwa. Usiache kunyonyesha kwa ajili hiyo. Oga mikono na kifua kwa sabuni, badilisha kitenge, halafu mchukue mtoto. Na mama mwenye virusi vya ukimwi asikate wala kunyonyesha wala dawa zake kwa kushauriwa na jirani. Dawa za kila siku zinamlinda mtoto, muganga atamwongoza.

Mtoto wetu alirudisha kilo zake kwa miezi miwili. Alipofika miezi 6 akaanza uji, nami nikabaki kukamua mara moja kwa siku mpaka alipotembea. Ufunguo wa chumba cha karatasi uko sasa na mama mwingine. Juma lililopita alinifuata akauliza kama chupa ya plastiki inafaa. Nikamwambia ya kioo ni bora, lakini hata ya plastiki ngumu inafaa kama inavumilia kuchemshwa, na asisahau kifuniko, kwa sababu kile chumba bado kina vumbi.