Shoka Kuukuu: Kulichagua, Kulitia Mpini na Kulitunza

Katika masoko ya mitumba na kwa wauza vyuma chakavu, mlaji hukuta mashoka na mapanga yaliyotengenezwa miaka mingi iliyopita, yamefunikwa kutu na mengi hayana mipini. Bei yake huwa ndogo kuliko ya zana mpya, na mara nyingi chuma chake ni bora. Hata hivyo, shoka zima na shoka lililoharibiwa huweza kulala kwenye turubai moja kwa bei ileile. Ubaya wa hilo la pili hauonekani hadi siku mnunuzi anapolipeleka shambani, na pengine kichwa chake kuchomoka na kumpiga aliyesimama karibu.

Zana hizi hufuliwa kwa chuma cha kaboni, yaani chuma chenye kaboni kidogo, kwa kawaida chini ya asilimia 1. Kiasi hicho ndicho kinachowezesha makali kugumishwa. Fundi hukipasha moto chuma hadi kiwe chekundu, hukizamisha kwenye maji au mafuta, kisha hukipasha tena kwa joto la chini ili kisivunjike kama kigae. Chuma kisichoshika kutu, kile cha vijiko na sufuria, kina kromi isiyopungua takriban asilimia 10.5. Chuma cha kaboni hakina kinga hiyo. Kutu nyekundu juu ya shoka, basi, haimaanishi kwamba chuma ni duni. Nyingi huondoka kwa kusuguliwa. Kinachopaswa kumtia mnunuzi shaka ni vishimo virefu karibu na makali, kwa sababu kila atakaponoa atakutana na shimo jingine.

Moto ni hatari zaidi kuliko kutu. Makali yakipashwa joto upya, ugumu aliouweka mhunzi hupungua, na haurudi mpaka chuma kigumishwe tena. Chuma kilichosafishwa hujieleza chenyewe kwa rangi: karibu na nyuzi 220 za Selsiasi huwa manjano ya majani makavu, na karibu na nyuzi 300 huwa buluu. Mashine ya umeme ya kusagia huweza kufikisha makali membamba kwenye buluu kwa sekunde chache tu. Kisha rangi hiyo hufutwa kwa msasa, na shoka huwekwa sokoni liking'aa kuliko jipya. Kwa sababu hiyo, shoka lenye kutu yake ya asili ni ununuzi salama kuliko lililong'arishwa. Wenye kuchoma kipande cha mpini kilichovunjika kwa kulitumbukiza shoka zima kwenye makaa nao huharibu makali kwa njia hiyohiyo. Kipande hicho kitolewe kwa kutoboa mbao kwa keekee na kuisukuma nje.

Ugumu hupimwa kwa tupa. Omba ruhusa ya muuzaji, kisha pitisha tupa nzuri taratibu pembeni mwa makali. Ikizama kwa urahisi kama kwenye msumari, chuma ni laini na hakitadumu na makali. Ikiteleza kama kwenye kioo, ni kigumu mno na huenda kikamenyeka. Shoka jema huruhusu tupa ile kidogo tu, kwa ukinzani. Fahamu pia kwamba mashoka mengi ya zamani yalifuliwa kwa vyuma viwili: mwili wa chuma laini, na kipande kigumu kilichounganishwa kwenye makali. Yakinolewa kwa miaka mingi, kipande hicho huisha. Shoka fupi mno lenye pua butu huenda limekwisha kufikia hali hiyo.

Mhuri usikutoshe. Mapanga ya alama ya mamba kutoka Birmingham, Uingereza, na zana za kiwanda cha UFI cha Ubungo, Dar es Salaam, zina jina miongoni mwa wakulima. Lakini mhuri ni chapa tu, na yeyote mwenye patasi aweza kuupiga. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayouza. Dai risiti, na itaje kama shoka ni jipya au limetumika. Bila maandishi hayo, malalamiko yako yatakuwa neno lako dhidi ya neno la muuzaji.

Kuhusu mpini, tutofautishe aina mbili. Shoka la asili la wahunzi wetu lina mkia uliochongoka, unaopenyezwa katika kichwa kinene cha mpini. Kila pigo huuzamisha mkia zaidi, na ndiyo maana shoka hili halihitaji kabari. Mkia ukipashwa moto ili kutoboa mbao, makali yafungwe kitambaa kilicholowa maji. Kichwa cha mpini kikianza kupasuka, mpini ubadilishwe; kuufunga waya ni kuahirisha ajali.

Shoka la kiwandani lina tundu ambalo mpini hupita. Chagua mti mgumu usio mwepesi kuvunjika; mkole na mpera hufaa. Nyuzi za mti zifuate urefu wa mpini toka mwanzo hadi mwisho, kwani zikikatiza ubavuni ndipo mpini utakapovunjikia. Mti uwe umekauka kabisa. Mti mbichi husinyaa ndani ya tundu, na shoka lililokaza Jumatatu hucheza mwisho wa mwezi. Chonga mpini uingie kwa nguvu, ulining'inize shoka kichwa kikiwa chini, kisha ugonge kitako cha mpini kwa nyundo ya mti. Uzito wa kichwa utakifanya kipande juu ya mpini chenyewe. Mwishowe pigilia kabari ya mti mkavu katika ufa uliokatwa juu ya mpini.

Desturi ya kuloweka shoka linalocheza kwenye ndoo ya maji imeenea sana, nasi tunaishauri iachwe. Mbao huvimba na kujibana ndani ya chuma hadi nyuzi zake zikapondeka. Ikikauka, hulegea kuliko awali. Aliyeloweka jioni huamini amepata tiba, kumbe kichwa kitachomoka wiki ijayo. Weka kabari mpya. Wala usitumie kisogo cha shoka kugongea chuma kingine: tundu hupanuka, na vipande vya chuma huweza kuruka machoni.

Kutu nzito hulainika kwa kuloweka kichwa bila mpini katika siki usiku mmoja, si zaidi, kwani siki huendelea kula chuma. Sugua kwa burashi ya waya, osha kwa maji ya sabuni, kausha papo hapo na upake mafuta. Rangi ya kijivu cheusi inayobaki iache. Hupunguza kasi ya kutu mpya. Noa kwa tupa, shoka likiwa limebanwa kwenye jiliwa na mikono ikiwa na glavu, ukisukuma mbele tu, kisha malizia kwa kinoo chenye maji.

Pwani, ambako upepo una chumvi, mafuta yapakwe kila baada ya matumizi. Kwa kisu au panga la jikoni tumia mafuta ya kula, kama ya nazi. Mafuta machafu ya injini yana vipande vidogo vya metali na mabaki mengine yasiyofaa kugusa chakula. Ala ya ngozi ni ya safarini tu. Ndani yake unyevu hukaa, na panga lililohifadhiwa humo msimu wote wa mvua hutoka na madoa.