Vioo ambavyo havikuwapo

Gari dogo na pikipiki vimekutana vibaya kwenye kona, na kabla trafiki hajafika mashahidi wameshafika kumi. Mmoja anaapa gari lilikuja kama mshale. Mwenzake, waliyekuwa wamesimama naye bega kwa bega wakinunua mahindi ya kuchoma, anasema lilikuwa linatambaa. Trafiki anafungua daftari: "Wakati wanavaana, gari lilikuwa spidi ngapi?" Kwa mtu wa saikolojia, swali hilo limeshaharibu kazi.

Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walichapisha utafiti uliofanyika kwa vifaa vya kawaida kabisa. Wanafunzi 45 walionyeshwa filamu 7 fupi za ajali, kisha wakaulizwa kuhusu mwendo wa magari. Swali lilikuwa moja kwa wote, isipokuwa kitenzi. Kuna walioulizwa mwendo magari "yalipogusana", wengine "yalipogongana", wengine "yalipovaana" (naazima neno la mitaani kwetu, kwa kuwa kitenzi chao cha Kiingereza kina mlio wa kitu kinachopondeka). Wa kugusana walikadiria, kwa wastani, kama kilomita 51 kwa saa. Wa kuvaana wakafika 65. Filamu ni zilezile.

Wengi wakisimulia utafiti huu huishia hapo: neno moja limegeuza kumbukumbu. Si haki kusema hivyo bado. Mnunuzi asiyejua bei ya kitenge, muuzaji akianza na elfu thelathini, atajibu ishirini. Muuzaji akianza na kumi na tano, atajibu kumi. Macho yake hayajabadilika, kitenge ni kilekile, kilichosukumwa ni jibu tu. Huenda na wanafunzi wale, wakiwa hawana uhakika, walidokezwa namba na kitenzi wakaitaja, huku picha kichwani ikiwa salama. Takwimu zilezile zinakubaliana na maelezo yote mawili, na ukizikokotoa hadi usiku wa manane hazitayatenganisha. Linalohitajika ni jaribio jingine, ambalo maelezo hayo yatalazimika kutabiri mambo tofauti.

Loftus na Palmer wakalipanga. Wanafunzi 150 walitazama filamu isiyofika dakika moja. Ajali yenyewe ilichukua sekunde 4. Hamsini waliulizwa kwa kitenzi cha kugongana, hamsini kwa cha kuvaana, na hamsini hawakuulizwa lolote kuhusu mwendo. Baada ya wiki wakaitwa tena. Hawakuonyeshwa filamu, walipewa maswali 10, na katikati yake likafichwa moja lililokuwa mtego: uliona vioo vilivyovunjika? Havikuwapo. Kama kitenzi kilisukuma jibu la siku ile tu, nguvu yake ingekuwa imekwisha na jibu lenyewe. Kama kilipenya kwenye kumbukumbu, wa kuvaana wengi zaidi wangeona vioo kuliko wenzao. Nadharia tete inayofaa huwa hivyo: inataja mapema matokeo yatakayoiumbua.

Waliosema waliviona: 16 wa kuvaana, 7 wa kugongana, na 6 kati ya wale ambao hawakuulizwa.

Mimi hutazama hao 6 kwanza. Hakuna aliyewachezea kwa kitenzi, na bado waliona vioo. Bila kundi hilo la udhibiti tungekibebesha kitenzi mzigo wa watu wote 16, wakati baadhi yao wangeviona hata hivyo. Halafu wapo 34 wa kuvaana waliosema hapana. Ukiambiwa utafiti huu ulithibitisha kwamba shahidi haaminiki kamwe, wakumbuke hao 34.

Tena hawa walikuwa wanafunzi mbele ya filamu, hakuna aliyetetemeka. Mwaka 1986 John Yuille na Judith Cutshall wa Kanada walichapisha mahojiano na mashahidi 13 wa tukio la kweli la kupigana risasi, miezi 4 hadi 5 baadaye. Waliwatupia maswali yenye mtego, na mashahidi kwa sehemu kubwa hawakuyumba. Je, hofu ndiyo iliyoipigilia misumari kumbukumbu yao? Haijulikani, kwani walioshtuka zaidi ndio waliokuwa karibu zaidi, na aliye karibu huona vizuri. Mambo mawili yamefungwa kamba moja, na hakuna kamati ya maadili itakayomruhusu mtafiti apige kura nani asimame wapi risasi zikianza kulia.